Hitler Hakuhusika na Jokofu

Ukumbi wa halmashauri ulijaa kabla meya hajafika. Wapiga picha walikanyagana, nyaya za maikrofoni zilitambaa sakafuni, na viti vya safu ya mbele vilibandikwa karatasi zilizoandikwa MAGAZETI. Wenye blogu walipangiwa kusimama nyuma, karibu na mlango wa choo.

Mhariri wa ukurasa wa maoni wa gazeti kubwa la jiji aliingia amevaa suruali nyeusi na blauzi ya rangi ya maziwa, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Kwenye kiti chake alimkuta mwanamume mwenye shati la drafti lililopigwa pasi upande wa mbele tu.

"Kaka, hicho ni kiti cha magazeti."

"Nimeona, dada. Najua kusoma ingawa nina blogu."

"Basi inuka."

"Nikiinuka nitaukosa uso wa meya. Kule nyuma uongo unasikika tu, hauonekani."

Mhariri alikaa kiti cha pembeni, kwa kuwa meya alikuwa amekwisha kuingia. Meya aliwafananisha wenye blogu na wapiga propaganda wa Hitler. Mwenyekiti wa wamiliki wa magazeti akawafananisha na makabila yaliyoibomoa Roma. Sauti kutoka mlangoni pa choo ikajibu kwamba magazeti ndiyo yaleyale yaliyompigia Hitler makofi.

"Hitler ana kazi nyingi leo," mhariri alinong'ona. "Ameajiriwa pande zote."

Mwanamume alichekea puani. "Nimekujua. Wewe ndiye unayekata makala za watu. Wanakuita Mkasi."

"Na wewe?"

"Msumari."

"Nimekusoma. Unapigilia hovyo."

"Lakini kitu kinashika."

Walitoka pamoja wakibishana, wakaendelea kubishana kwenye kahawa, na kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wanabishana kwa simu kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula maneno ya wachambuzi. Leo mmoja ameanzia kwa mafarao ili afike kwenye ushuru wa maegesho."

"Ukamfanyaje?"

"Nikamshusha maegeshoni."

"Huna huruma, roho yangu. Mtu ametoka Misri kwa miguu."

Hakuwa na huruma kweli. Kazini alikuwa na desturi moja: mlinganisho wowote wa kihistoria ulioletwa mezani kwake ulipaswa kuthibitishwa kama habari nyingine. Nani, lini, kimefanana nini, kimetofautiana nini. Karibu yote ilikufa hapo. Waandishi walimchukia, na ukurasa wake ulikuwa bora kuliko yote gazetini.

Msumari alikuwa na dada mkubwa, muuguzi kwenye zahanati ya mtaa. Dada huyo ndiye aliyemwambia kwamba jokofu la chanjo limekufa, halmashauri inajua, na wauguzi wameagizwa waendelee kuwadunga watoto chanjo iliyokwisha kuharibika. Msumari alifanya kazi yake. Alipiga picha kipimajoto, akazungumza na mafundi walioshindwa kulitengeneza jokofu, akampata ofisa aliyekiri kwamba taarifa ilifika kwa meya. Jumapili mchana, Mkasi alisoma yote akiwa amejilaza kwenye kochi la Msumari.

"Kazi safi," alisema. "Ila aya ya kwanza ikatwe."

Aya ya kwanza ilisema meya ni Hitler wa jiji na zahanati ni kambi yake ya mauaji.

"Ule ni mfano tu, mama."

"Meya ni mzembe na mwongo. Hilo umelithibitisha. Kambi umeithibitisha wapi? Ukimwita kila mzembe Hitler, anayefaidika ni Hitler. Anageuka diwani mkorofi."

"Watu hawabonyezi jokofu, Mkasi wangu. Wanabonyeza Hitler."

"Watambonyeza huyo Hitler, na jokofu hawatafika."

Msumari aliahidi kuikata. Jumatatu asubuhi aliitoa habari nzima, na aya ya kwanza ikiwa palepale.

"Uliniahidi," Mkasi alisema kwenye simu.

"Nilikuahidi nikiwa nimeshiba. Asubuhi nikawa na njaa ya wasomaji."

"Dada yako alikupa ukweli, ukautumia kama chambo."

"Na nyinyi ambao hamkuutafuta mtajiita nini? Gazeti lako lina meza ya afya. Inafanya nini, inapima shinikizo la damu la matangazo?"

Mkasi alimkatia simu. Alasiri hiyohiyo mhariri mkuu alitaka tahariri kuhusu blogu, na aliitaka kali. Mkasi aliiandika akiwa bado na hasira. Aliandika kwamba historia imekwisha kuona redio zikipanda chuki hadi majirani wakachinjana, na kwamba blogu za jiji ni mbegu ileile. Angeletewa sentensi hiyo na mwandishi mwingine, asingeifikisha mwisho. Aliipeleka bila kuisoma tena. Ilitoka bila jina, kama ilivyo desturi ya tahariri zote.

Meya alikimbilia mahakamani kwa aya ya kwanza. Wakili wa halmashauri, suti ya bluu na sauti ya kuazima, aliisoma ile tahariri mbele ya hakimu, neno kwa neno. "Hata wanahabari wenzake wanakiri hatari hii," akamalizia. Hakimu alitoa amri ya muda ya kuifunga blogu. Habari ya jokofu ilifungwa nayo.

Msumari alipiga simu kutoka kwenye ngazi za mahakama.

"Nani aliiandika?"

"Tahariri ni sauti ya gazeti."

"Nimekuuliza mtu, sijauliza gazeti."

"Mimi."

"Umenilinganisha na watu waliotangaza majina ya wa kuuawa."

"Na wewe umemlinganisha meya na nani?"

"Meya si mpenzi wangu," alisema Msumari, akakata.

Wiki iliyofuata hawakuzungumza. Kila mmoja alimpigia simu yule muuguzi kumweleza mwenzake alivyokosa. Mwishowe muuguzi akafika mapokezi ya gazeti akiwa na sare yake nyeupe na viatu vya mpira.

"Karibu uketi, wifi."

"Sikai, nina zamu. Nimekuja kukuambia ninachoulizwa siku hizi. Hakuna anayeniuliza habari za jokofu. Wananiuliza kama mdogo wangu ni muuaji. Nimekataa kuwadunga watoto, sasa mkubwa wangu anataka kunifukuza kwa utovu wa nidhamu. Mlikuwa na jambo moja la kweli, nyinyi wawili. Mkalifunika kwa wafu wa nchi za watu."

"Mdogo wako ndiye aliyeanza."

"Naye husema hivyohivyo, kwamba ulianza wewe. Watoto hawajaanza chochote."

Mkasi alipanda juu hadi kwa mhariri mkuu, mzee mnene aliyekula karanga bila kuangalia mkono wake.

"Tulichapisha uongo," alisema. "Nataka kuusahihisha."

"Utapata nafasi kwenye ukurasa wa nyumba za kupanga."

"Uongo ulikaa juu ya ukurasa wa maoni. Sahihisho likae hapohapo, na jina langu chini yake."

"Binti yangu, tahariri haina jina."

"Ndiyo maana inasema lolote."

Mzee aliacha karanga. "Ukitia jina, ukurasa huo si wako tena."

"Najua."

Aliandika kwa ufupi. Kwamba ile tahariri ilikuwa yake. Kwamba blogu ile haikumhimiza mtu kumgusa mtu, na mlinganisho wake haukuwa na msingi. Kwamba kulinganisha meya na Hitler nako hakukuwa na msingi, kwa kuwa Hitler hakuhusika na jokofu hili. Waliohusika ni hawa, na hivi ndivyo walivyofanya. Kisha akaweka picha ya kipimajoto, maneno ya mafundi, na yule ofisa, aliyempigia upya yeye mwenyewe.

Jiji zima lilisoma. Msumari alikwenda mbele ya hakimu akaifuta aya yake, na halmashauri ikabaki haina kesi. Amri iliondolewa. Jokofu jipya likafika. Aliyekata utepe ni meya, akitabasamu. Muuguzi hakufukuzwa. Mkasi alihamishiwa ukurasa wa nyumba za kupanga, akawa anafuta neno "kasri" kwenye matangazo ya vyumba viwili vya uani.

Simu ya muuguzi ilikuwa fupi, kwa wote wawili. "Njooni zahanati. Siwezi kuwa posta yenu."

Walikutana mlangoni. Mkasi alivaa gauni la kijani lisilo na mikono, Msumari shati jeupe jipya. Ilikuwa siku ya kuwadunga upya watoto wote, na korido ilinuka dawa ya kusafishia, maziwa na jasho.

"Kaeni foleni," muuguzi alisema bila kuinua macho. "Nikimaliza nitawasikiliza."

Walibanana kwenye benchi kati ya akina mama.

"Sijakusamehe," alisema Msumari.

"Sikuomba. Niliandika kwa sababu ilikuwa kweli."

"Umepoteza ukurasa."

"Wewe umepoteza wasomaji."

"Nusu. Walikuja kwa ajili ya Hitler, wakaondoka naye." Akakunja mikono ya shati lake jipya. "Muda wote huu sikuwa na mtu wa kuniambia nimekosea. Nimekosea sana siku hizi, Mkasi."

"Nimeona. Nilikuwa nasoma."

Benchi likasogea. Mama mmoja aliyempakata mtoto anayelia aliwatazama, mikono mitupu wote wawili.

"Wa kwenu yuko wapi?"

"Tumewahi foleni," Msumari alimjibu.

Mama alimgeukia Mkasi kuona kama ni kweli. Mkasi alimtazama Msumari kwa muda mrefu, kwa jicho lile lililokwisha kuua makala nyingi. Mlango wa chumba cha chanjo ulifunguliwa, foleni ikasonga mbele, na mtu wa nyuma yao akauliza kama wanaondoka au wanabaki.

"Tunabaki," alisema Mkasi, akasogea.