Khanga Isiyofuata Upepo

Kuba la tatu la Kituo cha Mirihi lilikuwa limepasuka toka juu mpaka chini, nusu yake imelala kwenye vumbi jekundu. Lakini kwenye simu ya Tusekile halikudumu hata muda wa kupepesa kope. Simu ililizungushia duara la njano, kisha ikauliza kwa maandishi ya adabu: "Kitu hiki kinaharibu mandhari. Nikifute?"

Tusekile akagusa Ndiyo. Kuba likatoweka. Mahali pake pakaota vilima vyekundu, vivuli vikalala upande uleule wa vivuli vingine, na mawe madogo yakajipanga kana kwamba yalikuwepo tangu sayari kuumbwa. Mtu angekula yamini kwamba hapo hapakuwahi kuwa na kuba, wala ajali, wala wenzake wawili waliotolewa chini yake wakiwa hoi.

Programu hiyo iliitwa Fundi Mandhari, na aliyeiunda alikuwa yeye mwenyewe, Tusekile Mwakalobo wa Tukuyu, kabla hajapelekwa Mirihi kuchora ramani. Programu za zamani zilipaka rangi tu juu ya kitu usichokitaka, doa likabaki kama kiraka cha suruali. Fundi Mandhari ilikuwa na akili mnemba. Ilikisia kilichokuwa nyuma ya kitu, ikakijaza. Ikitakiwa kuongeza kitu, iliazima: ilikata kipande cha picha ya zamani ya mahali palepale, ikakishona kwenye picha mpya, uzi usionekane. Duniani watu waliipenda mno. Walifuta nguzo za umeme, wakafuta majalala, wakafuta na mashemeji wasiowapenda.

"Hiyo unampelekea nani?" aliuliza Salha Kombo, akichungulia begani kwake. Salha alikuwa Mpemba wa maneno mengi, mtunza bustani ya kituo, na jirani yake wa chumba.

"Mama. Akiona kuba limeanguka, presha itampanda."

"Haya, mdanganye mamaako. Hata haya huna, mwenzangu!"

Mama yake hakutaka kabisa kuongea naye kwa sauti. Sauti kutoka Mirihi ilichukua robo saa kufika Tukuyu, na jibu robo saa nyingine kurudi. "Nimpigie mtu hodi sasa hivi, aniitikie maharage yameshaiva?" alisema. "Siwezi upuuzi huo." Picha yake mwenyewe nayo alikataa kupigwa, tangu ugonjwa ulipoanza kumkondesha. Siku ya kuagana alimshika Tusekile mikono yote miwili, akamwambia, "Nitakuwa naanika khanga yangu uani. Ukiiona kambani, ujue nipo."

Basi kila wiki Ambakisye, mdogo wake Tusekile, alisimama uani akapiga picha ya Mlima Rungwe, na kila wiki khanga ilikuwa kambani, siku hizi ile nyekundu. Tusekile aliitafuta khanga kwanza, mlima baadaye. Akishaiona, chakula kinapita. Picha ikichelewa, hata maji yalimkwama kooni.

"Hebu tazama ya wiki hii," alimwambia Salha, akimpa simu. "Tazama kwetu. Iangalie hiyo migomba!"

"Kuzuri, mashaallah. Na upepo upo, eti?"

"Tukuyu hiyo. Upepo na mvua ni watu wa nyumbani."

Salha akaikodolea macho picha, kisha akaanza kucheka. "Lakini khanga ya mamaako ina upepo wake peke yake? Migomba yote inalalia huku, yenyewe inapepea kule! Khanga gani mbishi hivi?"

Tusekile naye akacheka. Kicheko kikamfia mdomoni.

Akachukua simu, akafungua picha ya wiki iliyopita. Siku hiyo migomba ilikuwa imetulia tuli, lakini khanga ilipepea. Akafungua ya wiki ya nyuma yake, na ya nyuma yake tena. Mikunjo ileile, ncha ileile imepinda juu. Akaendelea kurudi nyuma mpaka picha za wakati wa masika, na hapo ndipo alipokuta khanga nyingine, ya kijani, imelowa chepechepe, imening'inia bila pozi lolote. Hiyo ndiyo iliyokuwa khanga ya kweli ya mwisho.

Ndani ya Fundi Mandhari kulikuwa na mlango mmoja wa siri, aliouweka mwenyewe alipokuwa akiijaribu. Mlango huo haukuweza kurudisha kilichofutwa; kilichofutwa kimekwenda. Uliweza tu kuonyesha, kwa rangi ya buluu, mahali kidole cha mtu kilipopita. Tusekile aliufungua.

Khanga ikageuka buluu. Hilo peke yake angeweza kulimeza. Pengine Ambakisye ni mvivu tu, huyo anamjua. Lakini chini ya kamba, kati ya mibuni na jiko, palikuwa na buluu nyingine, nyembamba na ndefu. Urefu wake ulikuwa wa mtu aliyelala.

Salha akajiziba mdomo. "Innaa lillahi..."

"Usiseme," Tusekile alimkatiza. "Nakuomba, Salha, usiseme kitu."

Akatuma sauti nyumbani, maneno manne tu: "Amba, mama yuko wapi?" Kisha wakakaa kitandani kusubiri. Ee jamani, kungoja jibu unalolijua ni adhabu. Salha alimshika mkono, hakuuachia.

Jibu lilipofika lilianza kwa jogoo akiwika, na mtu akivuta kamasi.

"Dada Tuse," alisema Ambakisye. "Mama alituacha masika yaliyopita. Nisamehe. Yeye mwenyewe ndiye aliyekataza. Alisema, 'Tusekile yuko peke yake huko juu. Msimwambie mpaka arudi, apate bega la kulilia.' Nikamwambia, mama, dada atagundua, hilo dude ni lake. Akasema, 'Lete simu.' Akachagua khanga mwenyewe, ile nyekundu, akaivuta kwa kidole mpaka kambani, anatetemeka. Akafurahi, dada! Akasema, 'Kumbe mwanangu ametengeneza kitu cha maana namna hii.' Na alijua unamficha. Alisema, 'Picha zake ni safi mno. Ananificha mabaya yake, nami namficha yangu. Ngoma droo.'"

Hapo sauti yake ikageuka kama ya mtoto.

"Mimi ndiye ninayemfuta, dada. Kila wiki nasimama pale, nampiga picha, namfuta mama kwa kidole changu. Nimechoka."

Tusekile hakumgombeza. Angemgombeza vipi? "Pole, mdogo wangu," alimjibu. "Pole sana. Usimfute tena. Nitumie picha, usiiguse."

Picha ilikuja. Mlima Rungwe ulikuwa umejitanda wingu mabegani, na migomba ililala yote upande mmoja. Kamba ilikuwa tupu. Chini yake palikuwa na tuta la udongo, msalaba wa mbao, na maua ya plastiki yaliyochujuka kwa mvua.

Kabla hajavuta pumzi, simu ikalizungushia tuta duara la njano.

"Kitu hiki kinaharibu mandhari. Nikifute?"

Maneno hayo aliyaandika yeye, kwenye meza ya jikoni kwao Tukuyu, mama yake akimsogezea kikombe cha chai na kumuuliza mbona hanywi. Aliyaandika upesi, bila kuyafikiria, chai isije ikapoa.

"Si kitu hicho," aliiambia simu. "Ni mama yangu."

Akagusa Hapana. Simu ikajibu kwa adabu yake ileile: "Sawa. Picha itabaki ilivyo."

Ndipo kilio kilipomtoka, kilio cha uani, cha kuita majirani. Wenzake wa nyumbani waliokuwa kituoni waliacha mitambo yao wakaja, mmoja mmoja, wakivua viatu mlangoni. Salha alitandika blanketi sakafuni, akamkalisha Tusekile katikati, akampa bega.