Faili Ambayo Hakuifungua

Hivi wanangu, mmeshamwona mtu akiambiwa kazi ya mikono yake si yake?

Mimi nimemwona. Ni mjukuu wangu wa kike.

Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa kwenye benchi ofisini kwao, nimempelekea miwani aliyoisahau kwangu. Mlango wa mkuu wake ulikuwa wazi. Nikamsikia akisema taratibu, kama mtu anayeagiza chai:

"Programu hiyo ni ya kampuni. Izime leo."



Ngoja niwaeleze. Mwaka mzima, kila Jumamosi, alikaa kwenye meza yangu ya kulia, kompyuta juu ya kitambaa nilichofuma, akitengeneza programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa kifafa kwa simu kumeza dawa. Dada yake, muuguzi, aliipeleka zahanati tatu. Mama mmoja akatuandikia kwamba mwanawe ametimiza miezi minne hajaanguka.

Sasa alitaka kuiweka wazi mtandaoni, kwa leseni inayomruhusu yeyote kuitumia na kuirekebisha. Alikwenda kwa mkuu kuomba baraka tu.

Kosa lake? Alianza kwa kunakili folda ya mfano ya kazini. Ndivyo wafanyavyo wenzake wote, hakuna anayeanza na ukurasa mtupu. Ndani yake mna faili ndogo ya leseni, inayojiingiza kwenye kila mradi mpya: mali ya kampuni, haki zote zimehifadhiwa.

Hakuifungua hata siku moja.

"Lakini mkuu, nimeifanyia nyumbani kwa bibi yangu."

"Faili inasema nini?"



Mkuu akaeleza kwamba mgonjwa akidhurika, itakayoandikwa magazetini ni kampuni. Mjukuu wangu naye moto ukampanda, akauliza ni nani huyo mwenye roho ya korosho aliyeamua kila mradi uzaliwe umefungwa.

Mkuu akamgeuzia skrini. Hakucheka.

"Soma jina la aliyeichagua."

Lilikuwa jina la mjukuu wangu mwenyewe...

Miaka sita nyuma, wiki yake ya kwanza kazini, aliambiwa achague leseni ya kuanzia kwa miradi yote, ya ndani na ya wazi. Mgeni, anaogopa kukosea, akachagua ile inayofunga kila kitu. Dakika mbili, akaenda kula, akasahau. Hakuna aliyeuliza tena, hata yeye.

Aliizima siku hiyohiyo. Mwanasheria akamwambia hata akiiandika upya, mkataba wake wa kazi unamkataza. Dada yake amerudi kwenye daftari la majina ya wagonjwa, na daftari halimpigii mtu simu.

Unalowachagulia wengine kwa haraka, wanangu, jua nawe umo. Majuto ni mjukuu, walisema. Wangu siku nne hakuigusa kompyuta.

Jana tu, tukimenya vitunguu, akasema bila kunitazama:

"Bibi, hata sikutaka iwe yangu. Nilitaka isiwe na mwenyewe."