Tabasamu la Upande Mmoja

Asubuhi ile ya baridi Fusae alikuwa jikoni anakoroga supu ya miso. Mumewe, Shigeo, aliketi mezani. Akamtazama mkewe, akatabasamu.

Fusae hakulipenda lile tabasamu.

Kwao Japani kila cheko lina sauti yake. Uso ukichanua wote, ni nikoniko. Mtu akivunjika mbavu kwa kicheko, ni geragera, na hilo ndilo lilikuwa cheko la Shigeo siku zote. Lakini leo mdomo ulipanda upande mmoja tu, kama wa mtu aliyeficha jambo. Hiyo ni niyaniya.

“Baba, mbona niyaniya asubuhi asubuhi? Umefanya nini?”

“Si... jafa... nya,” alijibu kwa ulimi mzito.

Ahaa! Kalewa sake! Na daktari alishamkataza. Fusae alifungua kabati la juu, akaitingisha chupa. Imejaa vilevile. Basi anayo nyingine. Akainama, akamnusa mdomo. Chai tu.

“Umeificha wapi? Bandani?”

Vijiti vya kulia vikamponyoka Shigeo mkononi.

“Hata vijiti vimekushinda! Nenda kalale, pombe ikutoke.”

Hapo akaingia jirani yao, Mitsuyo, muuguzi mstaafu, akileta matangazo ya mtaa yanayopitishwa nyumba kwa nyumba.

“Njoo umwone mlevi wangu,” Fusae akasema. “Ananichekea niyaniya.”

Mitsuyo hakucheka. Alipiga magoti mbele ya Shigeo.

“Kaka Shigeo, nipe nikoniko. Kubwa, kama unapigwa picha.”

Shigeo alijitahidi. Shavu la kushoto lilipanda. La kulia lilining'inia.

“Haya, inua mikono yote miwili. Ibaki juu.”

Mkono wa kulia ulishuka polepole.

“Fusae, mumeo hakucheki. Hiki ni kiharusi. Piga 119, gari la wagonjwa lije sasa hivi. Waambie na saa kilipoanza.”

“Si alale kwanza? Majirani wakisikia king'ora, watasemaje?”

“Waache waseme! Ubongo unaharibika huku wewe unangoja aamke. Na usimpe hiyo supu, atapaliwa. Dawa ipo, lakini akichelewa haitamfaa tena.”

Fusae alipiga simu. Gari la wagonjwa lilikuja likilia mtaa mzima.

Hospitalini daktari alisema wamewahi. Baada ya wiki kadhaa Shigeo alirudi nyumbani na mkongojo. Maneno yalikuwa yamemrudi, na siku ya kwanza tu akalalamika kwamba chakula hakina chumvi.

Kwenye mkutano wa kina mama wa mtaa, Fusae alisimama.

“Mimi nilimnusa mume wangu mdomo, wala sikumtazama uso,” alisema.

Wenzake wakaangua kicheko.

“Chekeni tu. Lakini mkifika nyumbani, mwambieni kila aliyemo acheke, mumtazame vizuri. Ujue cheko la mtu wako akiwa angali mzima, ili likipinda utambue.”