Ngoma za Ghalani

Rafiki yangu Kyalo si mtu wa kuzua. Yeye, mpiga gitaa, ndiye aliyeligeuza ghala la chumvi hapa Malindi kuwa ukumbi wa muziki wa roki. Alipigilia magodoro ukutani kuzuia kelele, akaahidi majirani kwamba kukiadhiniwa, ngoma zitanyamaza. Miaka miwili vijana walijaa hadi mlangoni. Kisha mwenye ghala akataka kuweka saruji, basi.

Alasiri moja Kyalo akaenda kubandua magodoro, amenuna. Jirani akamwita.

"Shikamoo, Bi Hafidha."

"Marahaba, mwanangu. Si mlisema mmefunga? Mbona ngoma zalia tangu asubuhi?"

"Ngoma tuliziuza kanisani kule Ganda, mama! Hata hizo nazo nilaumiwe mimi?"

Ghala halina dirisha, na umeme umeshakatwa. Akaingia na tochi. Kweli, gizani ngoma zilikuwa zikilia.

"Toka nje, wewe!" akafoka. Zikazidi.

Mara adhana ikaanza, zikanyamaza papo hapo. Akamulika jukwaani: vumbi tupu.

Adhana ikaisha. Karibu na sikio lake, vijiti viwili vikagongana mara nne, vile mpiga ngoma wao alivyokuwa akimwashiria aanze gitaa.