Kinywa cha Rosier Hakikushonwa

Kwetu bondeni jembe halilii peke yake. Watu wakilima, ngoma inapigwa, mmoja anaimbisha, na hata mvivu anajikuta kamaliza tuta. Basi Yolette alipokuwa anaanua nguo akasikia jembe shambani kwa jirani yake Dorvil, yule asemwaye mchawi, ko, ko, ko, bila wimbo, bila hata mtu kukohoa, mwili ulimsisimka.

Wiki mbili kabla alikuwa amemzika mumewe, Rosier. Watu walimsihi ashone kinywa cha maiti, maana mchawi huja kaburini akamwita marehemu kwa jina, na akiitika tu, kwisha habari yake: zonbi, msukule wa watu. Yolette akagoma. "Midomo hii nimeibusu, leo niipige sindano kama gunia?" Mapenzi hayo, jamani!

Basi akaziacha nguo, akapenya uani kwa Dorvil. Harufu ya udongo mbichi ikamjaa puani, na kadiri alivyosogea kati ya mabua ya mtama ndivyo jembe lilivyozidi kulia, mpaka akaona mgongo anaoujua, na kovu analolijua, na inzi akitembea juu ya jicho lililo wazi bila jicho lenyewe kupepesa.

Dorvil alikuwa sokoni. Yolette akamshika mumewe mkono, akaja naye nyumbani, anamfuata kama mbuzi.

Jioni shemeji yake, Exilhomme, akaingia na chumvi kiganjani.

"Mlambishe, shemeji," alinong'ona. "Atajitambua kwamba amekufa, atarudi kaburini apumzike."

"Apumzike, halafu mimi?"

"Acha utoto! Wazee wetu walichapwa mijeledi kwenye miwa ya wazungu, wakajipa moyo kwamba wakifa watarudi Ginen, Afrika kwa mababu. Unajua waliogopa nini kuliko mjeledi? Hiki hapa. Ufe, na bado ulimishwe."

"Hapa halimi. Hapa ni kwake."

"Muulize mwenyewe basi."

Yolette akapiga magoti. "Rosier, unataka kukaa?"

"Kukaa," ikajibu sauti ya puani.

"Au... unataka kwenda?"

"Kwenda."

Exilhomme akanyoosha kiganja. Yolette akakipiga kofi, chumvi yote ikamwagika mchangani.

"Toka nyumbani kwangu!"

"Natoka. Ila usije kusema hukuambiwa."

Mvua ikanyesha siku zile, magugu yakapanda mpaka dirishani, na mwanamke peke yake hawezi shamba lote lile, wala majirani hawakuthubutu kuja kumsaidia, kwa kuwa kila aliyepita uzioni aliona mtu amekaa kitini anautazama ukuta tangu asubuhi. Yolette alivumilia. Alilima mwenyewe mpaka viganja vikachubuka. Halafu asubuhi moja akasimama mlangoni, akamwangalia mumewe, akaangalia magugu, akamwangalia tena.

"Rosier," akasema polepole, kwa aibu. "Inuka, mpenzi. Kidogo tu."

Rosier akainuka kabla mkewe hajamaliza kusema, akachukua jembe.

Mpaka leo hajamwambia aache.