Sauti Iliyopita Ukutani

"Usinifungie mlango, Jessie! Sijaja kuomba chumvi!"

"Basi sema ulichojia, Bi. Galbraith, viazi vyangu viko jikoni."

"Piano! Kila jioni ting, tong, ting, tong! Wewe una nyumba au una klabu?"

Majirani hao wawili walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye kizingiti chake. Milango yao ilitazamana juu ya ngazi za jengo moja karibu na gati la Campbeltown, huko Uskoti, na sebule zao zilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Ghorofa ya chini mlango mmoja ulifunguka kidogo, na wa pili ukafuata. Wakati ule wa Vita vya Pili vya Dunia sukari ilikuwa ya kupimiwa, lakini umbeya ulipatikana bila kibali.

Jessie akashika kiuno. "Wilf ni mpangaji wangu, na Ijumaa ana mtihani. Anajifunza kuwinda nyambizi za adui. Kama piano inakukera, tia pamba masikioni."

Bi. Galbraith alicheka, ila macho yake hayakucheka. "Ningetia pamba, nisingesikia anavyodanganywa! Muulize binti yako. Kijana anakosea, yeye anamwambia 'sawasawa'. Anakosea tena, 'sawasawa kabisa'. Binti yako mwongo, Jessie."

"Chunga mdomo wako! Tangu Neil wako..."

Jessie alijiziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikwisha toka. Ngazi nzima ilijua alichotaka kusema. Neil alikuwa mtoto pekee wa Bi. Galbraith, baharia katika nyambizi ya nchi yao wenyewe. Nyambizi hiyo iliondoka bandarini wakati wa masika na haikurudi. Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyevuka kizingiti cha mama yule. Hata kikapu cha samaki alikipokelea mlangoni.

Netta, msichana wa miaka kumi na miwili, alisimama nyuma ya mama yake akiwa na kisu cha kumenyea viazi.

"Netta," mama yake aliuliza, "huyu anasema uongo, sivyo?"

Netta alitazama maganda miguuni mwake. "Wilf akikosea anahuzunika sana, mama. Nilitaka kumpa moyo."

"Moyo!" Bi. Galbraith alisema. "Baba yako yuko wapi leo, Netta?"

"Baharini. Meli yao inaleta ngano kutoka Kanada."

"Na meli hiyo inalindwa na nani?"

Bi. Galbraith akafunga mlango.

Mchana kutwa swali lile lilimkaa Netta kifuani. Kazi ya Wilf aliijua vizuri, maana alimsaidia kuisoma. Manowari inayolinda meli za mizigo hutuma mlio ndani ya maji. Mlio ukigonga nyambizi, hurudi kama mwangwi. Mwangwi ukirudi mwembamba kuliko mlio ulioondoka, nyambizi inakuja. Ukirudi mzito, inakwenda. Nahodha hugeuza manowari kwa neno la msikilizaji. Msikilizaji akikosea, manowari huenda kulia na adui akapita kushoto, moja kwa moja hadi kwenye meli za mizigo.

Jioni Wilf alirudi kutoka mazoezini, koti lake limeganda chumvi. Kwao Yorkshire alikuwa mwoka mikate, na alipenda mzaha.

"Mwalimu wangu mpendwa!" alimwita Netta. "Tupige piano au tumwonee huruma bibi wa jirani?"

"Wilf, nilikudanganya."

"Umekula jamu yangu?"

"Ulipokuwa unakosea, nilikuwa nakuambia umepata. Mara nyingi."

Tabasamu lilimtoka Wilf polepole. Alikaa kitini bila kuvua koti. "Leo nimemwambia mkufunzi kwamba niko tayari," alisema. "Amenipongeza mbele ya wenzangu."

"Nisamehe. Nilidhani nakusaidia."

"Labda wanipeleke nikachochee makaa melini. Mimi na moto tunaelewana."

"Ijumaa haijafika," Netta alisema. "Ngoja kwanza."

Alitoka, akavuka ngazi na kugonga mlango wa Bi. Galbraith. Ulifunguka upana wa kiganja.

"Umekuja kuomba radhi?"

"Ndiyo, Bi. Galbraith. Na kuomba msaada wa masikio yako."

Halikuwa ombi la ajabu. Kanisani kwao hapakuwa na kinanda. Marehemu mume wa Bi. Galbraith ndiye aliyekuwa akianzisha zaburi. Aligonga uma wake wa chuma, kifaa cha wanamuziki kinacholia sauti moja tu, akaisikiliza sauti hiyo, akaimba mstari, na waumini wakaupokea. Mkewe alikaa ubavuni pake miaka mingi, na kila mtu alijua kwamba mzee alipoteleza, yeye ndiye aliyemrudisha kwa kukohoa.

"Unajua unaniomba nini?" Bi. Galbraith alisema kwa sauti ya chini. "Huenda kitu cha mwisho alichosikia Neil wangu ni mlio kama huo, unagonga ubavu wa nyambizi yao. Sasa niwafundishe watu kuusikiliza?"

Netta hakutaka tena kumfariji mtu kwa uongo. Akasema lililo kweli. "Sikuwaza hilo. Ila baba yangu yuko juu ya maji, na Wilf bado hasikii."

Mlango ukafungwa taratibu.

Netta alirudi, akaketi kwenye piano. Wilf aliugeukia ukuta ili asione vidole. Netta akabonyeza sauti moja iwe mlio, kisha ya jirani yake iwe mwangwi.

"Inakuja," alisema Wilf.

Netta aliuma mdomo. "Umekosea."

"Inakwenda?"

"Umekosea tena. Usibahatishe."

Ilimuuma kuliko ilivyomuuma Wilf, lakini hakuacha. Walipofika mara ya tano au ya sita, ukuta ukagongwa kwa fimbo, du, du!

"Sasa anataka nini tena?" Jessie alilalamika kutoka jikoni.

Sauti ikapenya ukutani. "Anaiachia sauti ya kwanza mapema mno! Mwambie aivumishe kooni, asiiache! Ya pili ikija, koo lenyewe litamwambia linataka kupanda au kushuka!"

Wilf akavumisha kama nyuki ndani ya chupa. Netta akabonyeza.

"Inashuka," Wilf alisema polepole. "Inakwenda!"

Ukuta ukagongwa mara moja tu.

"Hiyo ni ndiyo," alisema Netta. "Sawasawa!" Na safari hii neno hilo lilikuwa la kweli.

Kila jioni ikawa hivyo. Wilf alivumisha akinyoa ndevu, alivumisha akifunga viatu. Wapangaji wenzake wakamwita Mzinga wa Nyuki, na Jessie akatishia kumlaza darini na panya. Wilf akikosea, Netta alisema amekosea, na ukuta ukagongwa mara mbili. Hakuna aliyepumzika mpaka Wilf apatie.

Ijumaa alasiri viatu vya Wilf vilisikika vikiruka ngazi.

"Nimepita!" alipiga kelele. "Nyambizi yetu moja kuukuu ilijificha, tukaitafuta. Mlio mmoja sikuwa na uhakika nao. Zamani ningebahatisha. Leo nikasema, 'Sijui, bwana, utumwe tena.' Ulipotumwa tena, koo likapanda. Inakuja! Na kweli ilikuwa inakuja."

Mlango wa pili ukafunguka wazi kabisa. Bi. Galbraith alisimama hapo na aproni, na nyuma yake ilitoka harufu ya samaki wa kukaanga.

"Umesikia, Netta?" alisema. "Sifa ya uongo ni kama daraja la karatasi. Linapendeza mpaka mtu alikanyage. Anayekuambia umekosea wakati bado unaweza kujirekebisha, huyo ndiye anayekupenda."

"Nimesikia, Bi. Galbraith."

Wilf alivua kofia. "Mama, najua haikuwa rahisi kwako."

"Haikuwa. Ndani ya nyambizi utakayoiwinda mna mtoto wa mama fulani. Ukiipata, usishangilie. Lakini usikosee. Wa kwenye meli za ngano nao wana mama zao, na wana watoto." Alimtazama Netta, kisha akajifuta macho kwa pembe ya aproni kana kwamba ni moshi.

Jessie alikuwa ametoka, anasitasita. "Bi. Galbraith, lile neno langu la juzi..."

"Lete chumvi, Jessie. Safari hii ndiyo, naiomba." Akasogea pembeni ya mlango. "Na wewe Wilf, kalia kile kiti cha dirishani. Kilikuwa cha Neil, na kiti ni cha kukaliwa. Haya, ingieni tule, viazi vinapoa."