Kitambaa Ndani ya Meno ya Bibi

Kila asubuhi kabla ya shule nilimtungia Bibi, fundi wa nguo, uzi kwenye sindano ya cherehani. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini mdomo, hee! Aliniita mke mwenzake, akanitania mpaka nikachelewa kengele.

Kisha meno yake ya bandia yakaanza kupwaya. "Nguo ikipwaya inapunguzwa," alisema. "Nikatie kipande cha flana, kile kitambaa laini, mke mwenzangu." Fundi ni fundi: alikitandika kile kipande ndani ya meno, yakabana. "Mama yako asijue! Atanipeleka hospitali, wanione kibogoyo." Nikaapa. Tangu siku hiyo hakuyavua tena, hata wakati wa kulala.

Wiki ya pili utani uliisha. Bibi alisukuma uji kando, akasema hana hamu. Mama alihangaika na dawa za tumbo. Mimi nilijua, lakini nilikuwa nimeapa. Jumamosi cherehani haikulia kabisa. Bibi alilala amegeukia ukuta, mifupa mitupu, leso aliyofutia mdomo ina damu.

Nilishindwa kuficha tena. "Mama, Bibi atakufa! Flana niliikata mimi!"

Hospitalini, daktari wa meno aliyavua yale meno taratibu. Flana ilikuwa imeoza, inanuka. Ufizi ulikuwa mwekundu, umevimba, una kidonda na madoa meupe ya fangasi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Bibi, taya lisilo na meno hupungua kidogo kidogo, ndiyo maana yanapwaya," alisema daktari. "Kuyarekebisha ni kazi yetu. Kitambaa kimefuga vijidudu. Na kila usiku uyavue, uyasugue, uyaloweke kwenye maji. Ufizi nao unahitaji kupumzika."

"Atapona?" niliuliza.

"Atapona. Mngechelewa zaidi, ingekuwa kazi kubwa."

Siku kumi Bibi alitumia dawa na kukaa bila meno. Sikuthubutu kumtazama, kwa sababu nilikuwa nimevunja kiapo. Siku ya kumi na moja aliniita.

"Msaliti mkubwa wewe," alisema, kisha akanishika mkono. "Kosa ni langu, mjukuu wangu. Sikupaswa kukuapisha. Ukiona mtu anaumia, sema, hata kama mwenyewe amekukataza. Mimi nilikuwa naiona aibu tu, wewe uliniona mimi."

Nililia kwa kwikwi. Bibi akacheka, kinywa wazi, kibogoyo mbele ya Mama na wateja wawili.

"Haya, nyamaza," alisema. "Nitungie uzi."